Je, Oili Mpya Huua Giaboksi Kuukuu?

Katika gereji za Nakuru na Kisumu kuna ushauri mmoja unaotolewa kwa uhakika mkubwa kuliko mwingine wowote: ikiwa gari lako la otomatiki ni la zamani na oili ya giaboksi haijawahi kubadilishwa, usiiguse, kwa maana ukiigusa gari halitamaliza mwezi. Fundi wa kibanda cha pili atakwambia kinyume chake, kwamba oili hiyo ibadilishwe kila oili ya injini inapobadilishwa. Muuzaji aliyekuuzia gari naye alishasema kwamba giaboksi ilifungwa kiwandani na oili yake ni ya maisha. Haiwezekani wote watatu wawe sahihi kwa gari lile lile. Hata hivyo kila mmoja wao ameona jambo la kweli kwa macho yake, na mtu anayekusudia kuifanya kazi hii mwenyewe uani kwake hana budi kuelewa kwanza ni jambo gani hilo.

Tuanze na kifaa chenyewe. Giaboksi ya otomatiki ni ile inayobadilisha gia bila dereva kukanyaga klachi, na oili yake hutambulika kwa herufi ATF zilizochapwa kwenye mkebe. Katika injini, oili hulainisha vyuma na kuvipunguzia joto. Katika giaboksi ya otomatiki hufanya hayo na zaidi. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kiitwacho toki konvata, ambamo nguvu ya injini hupitishwa na oili inayozungushwa kwa kasi. Ndiyo sababu gari laweza kusimama kwenye taa za barabarani likiwa kwenye gia bila kuzima. Ndani ya giaboksi, pampu huisukuma oili hiyo kwa shinikizo kupitia mifereji myembamba ya kitu kinachoitwa vali bodi, nayo huenda kuzibana sahani za klachi ili gia fulani ishike na nyingine iachie. Kwa hiyo oili inatakiwa iwe laini kiasi cha kulinda vyuma, na wakati huo huo iruhusu sahani zishikane bila kuteleza. Sharti hilo la pili ndilo linaloifanya iwe tofauti na oili nyingine zote zilizo dukani.

Kinachoizeesha ni joto. Kila toki konvata inapokoroga oili kwa nguvu huku gari likienda polepole, joto hupanda, na oili iliyochemka mara kwa mara huungana na hewa, hubadilika rangi, hupoteza viungo vilivyotiwa kiwandani na kuacha utando mithili ya gundi kwenye vali. Gari linalotoka Kisumu, mji ulio takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hupanda kiasi cha mita 900 kabla ya kufika Kericho, na Mau Summit bado iko mbele na juu zaidi. Likiwa limejaa abiria watano na magunia kwenye buti, huo ni mzigo ambao mtengenezaji katika vitabu vyake huuita matumizi mazito, na vitabu vingi vya Toyota na Nissan vya magari ya zamani hupunguza muda wa kubadilisha oili kwa matumizi ya aina hiyo. Foleni ya Kondele, mjini Kisumu, wakati wa jua kali haina nafuu sana, maana gari haliendi kasi ya kutosha kupuliziwa upepo.

Madai ya oili ya maisha hayajatoka hewani. Watengenezaji kadhaa huandika hivyo kweli, lakini maisha wanayoyahesabu ni yale ambayo mnunuzi wa kwanza anatarajiwa kukaa na gari kule liliponunuliwa jipya. Kenya huruhusu kuingizwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na wengi wetu huyanunua kutoka kwa mtu wa pili au wa tatu hapa hapa nchini. Gari lenye umri wa miaka 15 au 20 limekwisha kuishi maisha hayo mara mbili. ZF, kampuni ya Ujerumani inayozitengenezea kampuni nyingi za magari giaboksi za otomatiki, yenyewe hushauri oili ibadilishwe, hata pale kampuni iliyoweka nembo yake kwenye gari inaposema haihitajiki. Anayeunda giaboksi na anayeuza gari hawana maslahi sawa katika jambo hili, na mimi ningemsikiliza anayeunda giaboksi.

Sasa tulifikie lile la kifo. Mafundi wanaosema wameona giaboksi zikifa baada ya kutiwa oili mpya hawasemi uongo. Swali la kujiuliza ni hili: mwenye gari huamua lini kubadilisha oili ambayo hajawahi kuifikiria kwa miaka 10? Aghalabu ni pale gia zinapoanza kuchelewa kushika, gari linapotetemeka likibadilisha kutoka ya pili hadi ya tatu, au injini inaponguruma huku gari haliendi. Wakati huo sahani za klachi zimekwisha kuliwa. Oili mpya haiwezi kuzirudishia unene, na gari likizimika wiki tatu baadaye, lawama huangukia jambo la mwisho lililotendwa. Giaboksi hiyo ingekufa vilevile, pengine mwezi mmoja baadaye.

Kuna sababu mbili nyingine, nazo zina uzito. Ya kwanza ni kwamba katika giaboksi iliyochakaa, vumbi la sahani linaloelea kwenye oili kuukuu husaidia kidogo kushikanisha kile kilichobaki. Ukiliondoa lote kwa siku moja, utelezi uliokuwa umejificha hujitokeza. Ya pili ni mashine ya kusukuma oili, ambayo baadhi ya gereji huitumia kuisafisha giaboksi nzima kwa mpigo mmoja. Ikitumiwa vibaya, au kukiongezwa dawa ya kusafishia, uchafu uliotulia miaka mingi hung'oka na kwenda kukwama katika mifereji ya vali bodi. Kwa hiyo ushauri wa kutoigusa una haki katika hali moja: giaboksi ambayo tayari inateleza. Kwa giaboksi inayobadilisha gia vizuri, hata kama oili yake imekuwa kahawia, njia ya salama ni kuimwaga kwa uzito wake yenyewe kupitia nati ya sampu (karai la chini ya giaboksi linalokusanya oili), kuongeza kiasi kile kile kilichotoka, na kurudia baada ya muda.

Neno kurudia ndilo wengi hulipuuza, na hapo ndipo huja lawama kwamba oili mpya imekuwa nyeusi baada ya siku mbili. Fikiria tangi la maji ya mvua ambalo mfereji wake umefungwa juu kidogo ya katikati badala ya chini kabisa. Ukiufungua, maji yaliyo juu ya mfereji yatatoka na yaliyobaki chini yatakaa hapo hapo; ukijaza maji safi, yatachanganyika na yale machafu. Giaboksi nayo iko hivyo. Nyingi za magari madogo ya gia nne hubeba kati ya lita 6 na 8, lakini zinazotoka kwa nati ya sampu ni lita 3 au 4 tu, kwa kuwa zilizobaki zimo ndani ya toki konvata, vali bodi na mabomba ya kupoozea. Tuseme jumla ni lita 7.5 na kila mara zinatoka 3. Baada ya mara ya kwanza asilimia 40 ya oili ni mpya. Ya pili, asilimia 64. Ya tatu, asilimia 78. Ukiacha gari litembee wiki moja au mbili kati ya mara moja na nyingine, uchafu unaoachia huondoka kidogo kidogo na giaboksi haishtuliwi. Gharama yake ni lita 9, jambo ambalo halimfurahishi mtu, lakini ni sehemu ndogo sana ya bei ya kununua giaboksi nyingine iliyotolewa kwenye gari lililokatwakatwa.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha unajua una giaboksi ya aina gani. Magari mengi tunayoyaita otomatiki ni ya aina ya CVT, ambayo haina gia zenye meno za kupanda na kushuka. Ina puli mbili na mkanda wa chuma kati yake. Probox za mwanzo, zilizoundwa kuanzia 2002, zina otomatiki ya gia nne, ilhali toleo lililofanyiwa mabadiliko 2014 likaja na CVT. Fielder za umbo la NZE141 nyingi ni CVT, na Nissan ndogo za miaka ya karibuni ni hivyo hivyo. CVT hutumia oili yake maalumu, na ATF ya kawaida ikitiwa humo mkanda huweza kuteleza juu ya puli na kuzikwaruza. Baada ya hapo hakuna oili itakayozinyoosha.

Wala rangi nyekundu haikwambii kitu. Rangi ni dawa tu iliyotiwa ili uvujaji utofautishwe na oili ya injini au maji ya rejeta. Kinachohesabika ni maandishi: Toyota za zamani nyingi hutaka T-IV, zilizofuata hutaka WS ambayo ni nyepesi zaidi, na Toyota haitaki mbili hizo zichanganywe. Nissan za zamani zina Matic D na Matic J, Honda zilikuwa na Z1 kisha DW-1, na Mitsubishi zina SP-III. Mara nyingi aina inayotakiwa imechapwa kwenye mpini wa kijiti cha kupimia, kwa hiyo kabla ya kumuuliza mwenye duka, kisome kijiti. (Utengenezaji wa oili hizi umepitia mambo ya ajabu: hadi mapema miaka ya 1970, ATF za Marekani zilitiwa mafuta ya nyangumi ili klachi zishike kwa ulaini, na biashara ya mafuta hayo ilipopigwa marufuku wakemia walilazimika kutafuta kibadala.) Oili bandia zipo sokoni, basi kagua muhuri wa kifuniko na stika ya ubora. Kwa bidhaa yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, unaweza kutuma ujumbe mfupi wenye SM#, ukifuatiwa na namba ya kibali, kwenda 20023.

Kisha ichunguze oili iliyomo. Chovya kijiti na udondoshe matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au ya waridi iliyofifia ni nzuri. Kahawia isiyo na harufu kali imechoka, na hiyo ndiyo hasa inayohitaji kubadilishwa. Nyeusi inayonuka kama kitu kilichoungua, na gari lenyewe lina dalili za kuteleza, inakuambia kwamba pesa za oili ziwekwe kando kwa ajili ya fundi wa giaboksi. Iliyo kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi ina maji ndani yake, na hiyo nitaieleza mbele. Ikiwa gari lako halina kijiti kabisa, likiwa limefungwa nati mahali pake, kazi hii si ya uani: oili ya giaboksi hizo hupimwa ikiwa katika joto maalumu, mara nyingi kati ya nyuzi 35 na 45 za selisiasi, gari likiwa limenyooka sawasawa na mashine ya kompyuta ikisoma joto hilo. Mpelekee fundi mwenye mashine.

Kwa lenye kijiti, kazi yenyewe si ngumu. Liendeshe gari dakika 10 ili oili ipate joto na kuwa nyepesi, kisha liache lipoe kidogo, kwa kuwa oili ya giaboksi iliyotoka kupanda mlima inaweza kukubabua mkono. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao, inua mbele kwa jeki na ulitulize gari juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali, ambayo hupasuka bila kutoa ishara.

Sasa hakikisha nati unayoifungua ni ya giaboksi. Hili linasikika kama mzaha, lakini ndilo kosa linaloua magari kuliko mengine yote katika kazi hii, na hutokea hata wakati wa kubadilisha oili ya injini: mtu hufungua nati ya giaboksi akidhani ni ya injini, humwaga oili, kisha huongeza lita 4 za oili ya injini juu ya ile iliyokuwamo. Anaondoka na injini iliyofurika na giaboksi kavu. Subaru za zamani hutatanisha zaidi, kwa kuwa difu ya mbele, inayogawa nguvu kwa magurudumu, ina oili yake, nati yake na kijiti chake, vyote karibu na vya giaboksi. Ukiona kinachotoka ni chekundu au kahawia nyepesi chenye harufu tofauti na ya oili ya injini, uko mahali pake.

Kinga kwa karai safi, acha ichuruzike mpaka itoe matone tu, kisha uimimine yote kwenye chombo chenye alama za lita. Kipimo hicho ndicho msingi wa kila kitu kinachofuata, kwa hiyo usimwage kabla hujapima. Iangalie ncha ya nati, au sumaku zilizo ndani ya sampu ikiwa umeishusha. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida. Kuishusha sampu ili kubadilisha filta na gasketi ni jambo jema katika mara moja kati ya hizo tatu, mradi usizikaze skrubu zake kwa nguvu, kwani nyuzi za alumini hukatika upesi. Nati ya sampu nayo ipate wosha mpya na ikazwe kwa kiasi.

Oili mpya humiminwa kupitia bomba lile lile la kijiti, kwa faneli yenye mdomo mwembamba, na kiasi kiwe sawa na kilichotoka. Zimetoka lita 3.1, zirudi lita 3.1. Lakini iwapo gari lilikuwa likivuja, kiasi kilichotoka kilikuwa pungufu tangu mwanzo, na kijiti ndicho kitakachoamua.

Kupima ndiko kunakowachanganya wengi, kwa sababu wamezoea injini, ambayo hupimwa ikiwa imezimwa. Giaboksi nyingi za Toyota na Nissan hupimwa injini ikinguruma, oili ikiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80, baada ya kuipitisha gia polepole kutoka P hadi L na kurudi P, mguu ukiwa kwenye breki. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa dakika moja tu iliyopita. Mitsubishi nyingi hutaka gia iwe N. Toa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe, kitoe tena na usome upande ulio chini zaidi, kwa alama ya joto na si ile ya baridi. Kati ya alama mbili huwa na chini ya nusu lita, basi ongeza kikombe kwa kikombe. Oili ikipungua, pampu hufyonza hewa na klachi huteleza. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huikoroga mpaka ifanye povu, na povu haliwezi kubeba shinikizo, kwa hiyo dalili za kujaza kupita kiasi hufanana na za upungufu. Wanaosema ziada kidogo haina madhara wanakosea.

Nirudi kwenye oili ya rangi ya maziwa. Maji huingia kwa njia mbili, na zote mbili tunazijua upande huu wa nchi. Magari mengi hupooza oili ya giaboksi kwa bomba linalopita ndani ya rejeta, na rejeta inayojazwa maji ya mfereji kila siku badala ya kulenti, yaani kimiminika maalumu cha kupoozea, hupata kutu, hadi siku bomba hilo linapotoboka na maji kuingia kwenye oili. Njia ya pili ni mafuriko: gari likivuka maji yaliyopita katikati ya magurudumu, kama inavyotokea uwanda wa Kano Mto Nyando unapofurika kule Ahero, maji yanaweza kuingia kupitia tundu la giaboksi la kupumulia. Maji hulainisha gundi inayoshikilia utando wa sahani za klachi na kuubandua. Ukiona rangi hiyo, usiendeshe gari hata hadi gereji. Livutwe, na rejeta irekebishwe kwanza, la sivyo unamwaga oili mpya kwenye maji yale yale.

Oili iliyotoka haina mahali kwenye mtaro. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka humo, na kila kinacholifikia hubaki; mitaro ya Kisumu huishia Ziwa Viktoria. Itie kwenye jerikani na uipeleke gereji inayouza oili chafu kwa wanaoikusanya, au ipake nguzo za ua unaoliwa na mchwa. Kisha angalia chini ya gari asubuhi inayofuata kama kuna tone, na uandike kwenye karatasi utakayoibandika ndani ya boneti tarehe, kilomita, aina ya oili na lita ulizotia, ili atakayefungua nati hiyo baada yako asianze kwa kukisia.